Kuhamia kijiji cha hoteli Unguja: mwongozo kamili wa mwaka wa kwanza

Ukitaka kuhamia Paje, Jambiani, Kiwengwa au Nungwi, hamia mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa bado hazijakatika. Utaambiwa kinyume. Utaambiwa nenda Disemba, hoteli zimejaa, wageni wanatoa bakhshishi, kazi zinaokotwa njiani. Mimi nilikwenda Disemba. Nilitoka Wete, Pemba, na begi moja na godoro la kukunja, nikateremka Paje saa kumi za jioni, nikalipa kodi ya miezi sita kwa chumba nilichokitazama kwa dakika tano. Kazi ya usafi wa vyumba niliipata wiki ile ile, kweli. Mwanzoni mwa Aprili hoteli ikafunga, tukaambiwa tutaitwa. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza nikajua kwamba bati la chumba changu lina matundu mawili, moja liko juu ya kitanda khasa, na kodi yangu ilikuwa bado ina miezi miwili ndani yake.

Mara ya pili nilihamia Jambiani, mwezi wa Mei. Chumba nilikiona mvua ikinyesha. Mwenye nyumba alikuwa na vyumba vitatu vitupu na wakati wa kunisikiliza. Hoteli zilikuwa zinapaka rangi na kutafuta watu wa kufungulia msimu wa Juni. Nilipoanza kazi nilikuwa nimeshajulikana na Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wetu (shehia), na muuza duka, na mabibi wawili wa nyumba ya mbele. Tofauti ya miezi mitano tu, lakini maisha mawili mbalimbali.

Wavuvi wetu wana neno la jambo hili: dago. Mvuvi anayekwenda dago huhama kwao kufuata samaki, akapiga kambi kwenye ufukwe wa watu wengine kwa wiki au kwa miezi. Kabla hajatia nyavu majini huwaendea wenyeji, akajitambulisha, akaonyeshwa pa kuvua na pasipovuliwa. Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda dago la hoteli: Mpemba mwenzangu, kijana wa mjini, au ndugu anayetoka bara kufuata kazi.

Kwanza: ijue kalenda kabla hujanunua tiketi ya boti

Mwaka wa kijiji cha hoteli unafuata upepo, kama ulivyofuata tangu zama za majahazi. Kaskazi inavuma kuanzia Disemba hadi Machi. Ni wakati wa joto, na wageni wa Krismasi na mwaka mpya hupokewa na wanaokimbia baridi ya Ulaya hadi Februari. Kusi inashika Juni mpaka Septemba, na hapo ndipo likizo za Ulaya zinapoangukia. Agosti ni mwezi wa Waitaliano, maana kwao karibu nchi nzima inakwenda likizo. Paje inapata rizki yake katika pepo zote mbili, kwa sababu ya mchezo wa kaiti, ule wa mtu kuvutwa na tiara juu ya maji. Mchezo huo hautaki jua tu, unataka upepo wa kudumu na maji yasiyo na mawimbi makubwa ndani ya mwamba.

Baina yake kuna masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, na vuli za Oktoba mpaka Disemba ambazo ni nyepesi zaidi. Wenyewe hotelini husema "hai" kwa msimu wa wageni wengi na "loo" kwa msimu wa wageni wachache. Aprili na Mei hoteli nyingi hufunga kabisa, makuti yanabadilishwa, kuta zinapakwa rangi, na wafanyakazi wanakaa nyumbani, wengi bila mshahara. Kwa hiyo unapopigia hesabu mshahara wako, usizidishe mara kumi na mbili. Zidisha mara kumi, na hiyo kumi nayo uifikirie mara mbili kama mkataba wako ni wa msimu.

Ipo na miaka ambayo hata kumi haipatikani. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020, korona ilipoingia, hawakufika 261,000. Niliowaona wakistahimili mwaka ule walikuwa na kitu cha pili mkononi: kamba za mwani, cherehani, kishamba cha muhogo, hisa ndani ya ngalawa. Kifikirie cha kwako mapema, ungali na pesa.

Ramadhani nayo iingize kwenye kalenda. Hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa Kizungu, na miaka hii inaangukia ndani ya msimu: mwaka 2026 mwanzo wake ni Februari. Maana yake utafunga na huku hoteli imejaa, utawapelekea watu chakula cha mchana nawe hujala tangu daku. Ukifanya mazungumzo ya kazi, uliza zamu za Ramadhani zinapangwaje na futari inapatikana wapi. Muajiri mzuri halioni swali hilo kuwa la ajabu.

Pili: chagua kijiji kwa maisha yako, si kwa picha

Vijiji hivi havifanani. Nungwi, ncha ya kaskazini, ina kazi nyingi kuliko kwengine na bahari yake unaogelea muda wote, maji yakijaa na yakipwa. Ina mafundi wa majahazi wanaochonga ufukweni mpaka leo na mnada wa samaki wenye heshima yake. Lakini nyumba zimebanana, kodi iko juu, na usiku wa muziki ni mrefu. Mwenye watoto wadogo namshauri aangalie Matemwe au Pwani Mchangani, aende kazini kwa gari.

Kiwengwa ni nchi ya hoteli kubwa kubwa, na Kiitaliano ndicho kinachopandisha mtu cheo pale. Nimeona kijana aliyeanza kukata majani bustanini, akajifunza Kiitaliano kwa kusikiliza, akahamishiwa mapokezi. Paje ni ya vijana: mikahawa, skuli za kaiti, nyumba za wageni ndogo ndogo, na watu wanaobadilika kila mwezi. Bwejuu imetulia. Jambiani, niliko mimi, ni kijiji kirefu kilichojinyoosha na bahari, kina shehia za Kibigija na Kikadini, na kazi yake kubwa iko kwenye vihoteli vidogo ambako mtu mmoja hufanya kazi za watu watatu na hujifunza zote tatu. Kwa anayeanza, hicho ndicho chuo. Pia Jambiani kuna mafunzo ya utalii yanayotolewa papo hapo kijijini, na aliye mjini ana chuo cha Maruhubi, ambacho sasa kiko chini ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Pemba hoteli zipo chache, zaidi upande wa Kigomasha kule Micheweni. Anayepata kazi huko asiidharau kwa sababu ni mbali.

Jambo moja zaidi kuhusu pwani ya mashariki. Bahari hukimbia. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hupwa mpaka unatembea kwa miguu kuelekea mwambani. Anayetaka ufukwe wa kuogelea kila akitoka kazini atavunjika moyo Jambiani. Mimi nimeupenda ule uwanja mtupu wa asubuhi kuliko bahari yenyewe.

Tatu: nenda kwa Sheha kabla hujafungua begi

Hatua hii vijana wengi wanairuka, na ndiyo inayowarudia baadaye. Unapotoka kwenu, omba barua kwa Sheha wa shehia yako kwamba anakujua na kwamba unahama. Ukifika, nenda kwa Sheha wa pale na barua hiyo, nakala ya kitambulisho, picha ndogo mbili, na ukiweza umfuate mwenye nyumba aende nawe. Kuweka kumbukumbu za wanaohamia ni katika kazi zake, hafanyi udadisi. Atakuuliza unatoka wapi, umefikia kwa nani, unafanya kazi gani. Jibu kweli, hata kama kazi bado hujapata.

Nenda asubuhi. Vaa vazi la stara. Piga hodi, toa salamu, ngoja ukaribishwe barazani, na shida yako isiwe neno la kwanza kutoka kinywani. Sheha wetu alinisoma barua mara mbili, akaikunja, akauliza ukoo wangu wa Wete, tukakuta kuna mtu tunayemjua sote. Mazungumzo ya robo saa. Miezi minane baadaye, nilipotaka kufungua akaunti benki na kumuingiza mwanangu skuli, kila mahali niliambiwa lete barua ya Sheha, na ilinichukua siku moja kuipata. Mwenzangu wa kazini ambaye hajawahi kujitambulisha alizungushwa wiki tatu. Sheha hakuwa na uadui naye. Alikuwa hamjui, basi.

Mzanzibari aliyehama shehia apeleke taarifa zake kwenye ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ili kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kisibaki kinasema yuko kwengine. Ndugu unayetoka bara, wewe huhitaji kibali cha kazi, uko nchini mwako. Lakini uliza kwenye ofisi hiyo hiyo kuhusu kitambulisho cha mkaazi asiye Mzanzibari, na tembea na cha taifa wakati wote.

Nne: nyumba

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapopotea.

Anza na maji. Vijiji vya pwani vimekaa juu ya jiwe la matumbawe, maji matamu yako ndani zaidi ya kisiwa au mapangoni, na kisima kilicho karibu na bahari hutoa maji ya chumvi. Hoteli nazo zinanywa kutoka kwenye hazina ile ile. Uchunguzi uliofanywa Kiwengwa, Nungwi na Jambiani na kutolewa mwaka 2012 ulikuta chumba kimoja cha hoteli kinatumia wastani wa lita 1,482 kwa siku, na nyumba nzima ya mwanakijiji lita 93 tu. Kwa hiyo mwenye nyumba akikwambia "maji yapo", swali lako liwe: yepi?

Bibi mwenye nyumba yangu ya Jambiani aliniambia mwenyewe bila ya kuulizwa. Alichota kata kutoka kisimani uani akanipa nionje. "Mwanangu," akasema, "haya ni ya kukoshea vyombo na kufulia. Ya kunywa utayafuata msikitini, au ungoje mfereji." Sijawahi kumsahau kwa ukweli ule. Usipopata bibi wa namna hiyo, fanya majaribio mwenyewe. Chukua kipande cha sabuni ya mche na maji ya kisima kwenye ndoo, sugua mikono. Sabuni isipotoa povu, ikaganda ganda kama utandu, basi maharage yako nayo hayatawiva na nguo zako zitachakaa upesi. Kisha uliza majirani, si dalali, mfereji (bomba) wa ZAWA, mamlaka ya maji, unatoka siku gani na saa ngapi. Kwengine hutoka usiku wa manane tu. Mwenye zamu ya usiku hotelini atakuwa hayuko, na hapo anahitaji tangi au jirani mwema. Kama nyumba ina tangi, panda uangalie ndani. Nimeshaona tangi la mapambo, halijaunganishwa na kitu.

Pili tazama juu na pembeni. Bati la pwani linaliwa na chumvi. Mwaka wa tatu lina kutu, mwaka wa tano linatoboka. Simama ndani mchana, funga mlango na madirisha, tazama kama kuna vijinyota vya mwanga. Kila kinyota ni tone la mvua la Aprili. Makuti yanapendeza na yana baridi, lakini uliza yalivikwa mwaka gani, na ujue panya na moto. Ukuta nao una lake: nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa baharini hutoa unga mweupe kwenye lipu. Pitisha kidole, onja. Ikiwa ni chumvi, usiegemeze kabati wala godoro ukuta huo, maana masika yote ukuta utakuwa unatoka jasho.

Umeme ni wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, na mita ni ya TUKUZA, ya kulipa kabla. Uliza kama mita ni yako peke yako au inagaiwa na vyumba vingine. Mita ya vyumba vinne na friji moja ni ugomvi wa kila mwezi. Kama haina budi, mkubaliane mwanzo kiasi cha kila mmoja, mwenye friji azidishe. Taa yenye betri na mkaa wa akiba uwe nao. Sisi tuliokuwepo hatujasahau Disemba ya 2009 mpaka Machi ya 2010, Unguja nzima ilipokaa miezi mitatu gizani kwa hitilafu ya umeme unaotoka bara. Hoteli ziliwasha majenereta, vijijini tuliwasha vibatari.

Sasa kodi. Wenye nyumba wengi hutaka ya miezi mitatu au sita mbele, na dalali hutaka ya mwezi mmoja kwa ajili yake. Ukihamia masika, omba miezi mitatu, na omba bei hiyo hiyo isipande msimu ukifika. Hilo liandikwe. Karatasi ya mkono inatosha, iwe na majina, kiasi, tarehe, nani anatengeneza bati likivuja, notisi ya miezi mingapi, na saini za mashahidi wawili, mmoja wa upande wake. Nakala moja mpelekee Sheha. Haya nayasisitiza kwa sababu ya uchungu: chumba changu cha Paje, baada ya kuvumilia matundu yale, nilipandishiwa kodi Juni kwa maneno ya mdomo, kwa kuwa "wageni wameanza kuja", na sikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Vitu vya kuja navyo si vingi. Chandarua. Madumu mawili ya lita 20 yenye vifuniko. Pazia zito la upande wa bahari, kwani kusi inapeperusha mchanga mpaka ndani ya sahani. Na kufuli ya shaba. Ya chuma, kwa hewa ile, inaganda kabla ya mwaka na utaivunja kwa nyundo usiku umetoka kazini. Friji ya bei nafuu usilete mpaka uone ya jirani imedumu miaka mingapi.

Tano: kazi na pesa

Tafuta kazi wiki ya pili ya Mei hadi mwanzo wa Juni, na tena Novemba. Nenda mwenyewe, asubuhi, na vyeti vyako ndani ya bahasha, umwombe mlinzi kwa adabu akuitie anayehusika na wafanyakazi. Mlinzi mheshimu. Ndiye anayejua nani ameondoka jana. Kama kazi inagusa chakula, utatakiwa upime afya, fanya mapema.

Mkataba utake kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Na. 11 ya 2005, iko kwa ajili hiyo, na Kamisheni ya Kazi ndipo pa kupeleka malalamiko. Soma sehemu ya muda: ni wa mwaka au wa msimu? Hoteli ikifunga, unalipwa nini? Nauli na chakula ni juu ya nani? Kisha uliza namba yako ya ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, na baada ya miezi mitatu nenda ofisini kwao uhakikishe michango inaingia. Kukatwa kwenye karatasi ya mshahara si ushahidi kwamba imefika. Mfuko wa Huduma za Afya, ZHSF, uulizie pia.

Mwenye kutaka kutembeza wageni ajue kwamba leseni inatoka Kamisheni ya Utalii. Bila ya leseni utaitwa papasi, yaani mtembeza wageni asiye rasmi, utafukuzwa ufukweni, na jina hilo halifutiki upesi.

Bakhshishi ni pesa ya upepo. Mimi naigawa siku ile ile: nusu nyumbani Wete, nusu upatu. Upatu wetu una wanawake kumi na wawili, watano wa hotelini na saba wa mwani, na tulipopanga zamu nikaomba ya Aprili. Wenzangu wa mwani walicheka, kwao Aprili haina tofauti na mwezi mwengine. Kwangu ile zamu ndiyo mshahara wa masika. Fanya hivyo: ingia upatu wa watu ambao msimu wao si wako.

Sita: kuishi na wenyewe

Kijiji kilikuwepo kabla ya hoteli. Unapotoka kazini, sare za hoteli na mambo ya hoteli yabaki getini. Mwanamke, jitupie kanga au mtandio. Mwanamme, usipite kijijini kifua wazi kama mgeni anayetoka kuoga. Ulevi usiuingize kwenye nyumba uliyopanga, awe mwenye nyumba yupo au hayupo. Mchana wa Ramadhani, asiyefunga ale ndani. Ndugu zangu Wakristo wanaotoka bara wanaishi kwa amani na sisi kwa kuyajua haya tu. Kanisa wengi hulifuata mjini, kwa hiyo omba zamu ya Jumapili mapema.

Salamu usiipite. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi, hata kama una haraka ya gari. Kuna mzee pale kwetu hukaa chini ya mkungu kila alfajiri akishona nyavu. Nilimsalimia mwaka mzima bila ya kuzidisha neno. Siku mwanangu alipopotea jioni, ni yeye aliyekuwa amemuona akielekea mashamba, na ni yeye aliyepeleka vijana.

Pwani nako kuna wenyewe. Maji yakipwa utaona mistari ya kamba na vijiti vilivyochomekwa mchangani: hayo ni mashamba ya mwani, yaliyoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, na kila mstari una mama anayeulipia ada ya skuli. Usikatize juu yake, usimruhusu mgeni wako akatize. Mnazi vilevile. Kwetu ardhi yaweza kuwa ya mmoja na mnazi uliopo juu yake wa mwengine, basi dafu lililoanguka mlangoni kwako uliza kwanza.

Msiba wa kwanza ndio mtihani. Wiki ya sita nilipokuwa Jambiani alifariki babu wa nyumba ya nne. Sikumjua. Nilitoka zamu ya asubuhi, nikachukua dumu la maji na kisu changu, nikaenda uani kwa wanawake, nikakaa kwenye mkeka nikamenya vitunguu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Baada ya saa moja hivi, bibi mmoja akanisogezea kibao cha mbuzi na nazi mbili, akasema, "Kuna hizi pia." Nikakuna. Tangu siku ile nikaacha kuitwa "yule wa hotelini", nikaitwa mama fulani, kwa jina la mwanangu. Omba ruhusa kazini ukahudhurie. Muajiri aliyekaa Zanzibar muda anaelewa.

Usafiri, watoto, maradhi

Gari ya abiria inakufikisha mjini kwa saa moja na nusu hadi mbili: 309 ni Jambiani, 324 Bwejuu kupitia Paje, 118 Matemwe, 116 Nungwi, 117 Kiwengwa. Tatizo ni kurudi. Jua likizama, mara nyingi gari ya mwisho imeshaondoka, basi mambo ya mjini yafanye asubuhi. Kijijini nunua baiskeli. Vespa au pikipiki iwe na bima na wewe uwe na leseni, kwani askari barabarani ni wengi.

Mtoto anataka barua ya uhamisho kutoka skuli ya zamani, cheti cha kuzaliwa, na barua ya Sheha. Mpeleke chuoni kusoma Kurani pia siku za mwanzo. Marafiki wake wa kwanza atawapata huko, nawe utajuana na mama zao.

Kituo cha afya cha kijiji kijue kilipo siku ya kwanza. Yakizidi, upande wa kusini kuna hospitali ya Makunduchi, kaskazini Kivunge, na makubwa ni Mnazi Mmoja. Weka kwenye simu namba ya dereva mmoja mwenye gari anayekubali kuamshwa usiku, na kabla hamjafikwa na la kufika mkubaliane bei.

Ukishapapenda, usikimbilie kiwanja

Mwaka wa pili utaanza kuonyeshwa viwanja. Pole pole. Zanzibar ardhi ni mali ya umma, na kwa sheria ya 1992 mtu hupewa haki ya kuitumia, haki ambayo ni ya Mzanzibari. Ndugu wa bara, hati ya kuandikiana uchochoroni kwa jina la rafiki haitakulinda. Na wewe Mzanzibari, kabla ya kutoa hata shilingi, waulize Sheha, majirani wa pande nne, na ofisi ya ardhi, kisha uliza minazi ni ya nani na warithi wako wangapi. Shamba moja la pwani linaweza kuwa na warithi kumi na tano, watatu wako Dubai, na anayekuuzia ni mmoja wao.

Ukihama

Toa notisi mapema, lipa deni la duka, maliza mzunguko wa upatu hata kama zamu yako ulishaila, na nenda kwa Sheha ukaage ili akupe barua ya uendako. Chumba kifagie, tangi lijaze. Kama unaondoka Aprili kwa sababu hoteli imefunga na unataka kurudi Juni, usirudishe ufunguo kimya kimya: kaa na mwenye nyumba mzungumze nusu kodi ya miezi miwili. Bibi yangu alikubali mara ya kwanza nilipomuomba, kwa sharti kwamba anike mwani wake chumbani mwangu siku za mvua. Niliporudi, chumba kizima kilinuka bahari kwa wiki mbili, na bati halikuvuja.